Meli Iliyoondoka Nansio Bila Mimi

Kwa miaka kadhaa nilikwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, na kurudi Mwanza siku hiyo hiyo, na kila aliyenijua aliona akili zangu zimeruka. Jirani yangu wa Buhongwa alikuwa akinikuta alfajiri nimebeba kikapu, ananiuliza, "Leo tena? Wewe unakwenda Ukerewe kutembea au unawasindikiza mabaharia?" Nilimjibu atafute shughuli yake. Lakini alikuwa na haki ya kucheka. Meli inaondoka Mwanza asubuhi, inafika Nansio jua likiwa utosini, inashusha watu na magunia, inapakia machungwa na mihogo, inapiga honi, inageuza. Mchana kutwa niko majini. Katikati hapo, muda wa mtu kula sahani ya wali na kusubiri chenji, ndipo nilipokuwa namwona mwanangu.

Miaka hiyo magugu maji yalikuwa yameanza kufunika ziwa. Siku nyingine meli ilikwama nje ya gati, tunasubiri upepo uyasogeze, na mimi nimesimama ukingoni nayatukana yale magugu kwa Kisukuma mpaka abiria wanacheka. Wao walichelewa biashara. Mimi nilichelewa kumpakata mtoto, na meli ikichelewa kufika haikunisubiri wakati wa kuondoka.

Mume wangu alikuwa mtu wa Nansio. Tulikutana Mwanza, tukaoana Mwanza, na huko huko malaria ikampanda kichwani, ikamwondoa kabla hata majirani hawajajua kuwa anaumwa. Tukampeleka kwao kumzika. Binti yetu ndiyo kwanza alikuwa ameacha kunyonya. Matanga yalipokwisha, ukoo ukakaa. Mila ya nyumba ile ilikuwa wazi, wala hakuna aliyenificha: mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu, na dalili ya kukubali si maneno. Dalili ni kulala. Mjane akishaondoka baada ya matanga, siku atakayorudi akalala usiku mmoja ndani ya ua ule, basi amekubali. Hakuna atakayemuuliza tena. Asubuhi yake ataonyeshwa mafiga yake na shamba lake, na shemeji ataanza kuitwa mume.

Nilikataa. Nilikuwa na uchungu na mdomo wangu haukuwa na breki, nikasema mbele ya wazee kwamba mimi si baiskeli hata nirithiwe. Wazee wakaguna. Shemeji yangu, ambaye kazi yake ilikuwa ufundi baiskeli, akainama akatazama miguu yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke wake na watoto wake, na sidhani kama alinitaka zaidi ya nilivyomtaka, ila hakuna aliyemuuliza na yeye.

Nikaondoka, mtoto akabaki. Ng'ombe wa mahari walikuwa wametoka. Baba yangu aliwapokea mwenyewe pale Buhongwa, akawazunguka mmoja mmoja akiwapapasa migongo, na ng'ombe wakishatoka mtoto ni wa kwao. Hata sisi Wasukuma tuko hivyo hivyo, kwa hiyo sikuwa na mahali pa kwenda kushtaki. Nilipomlilia baba alinijibu, "Mwanangu, nikuambie nini? Hata hapa kwangu nina wajukuu niliowachukua vivyo hivyo." Nilinuna, nikakaa muda mrefu simsemeshi. Haikusaidia kitu.

Kwa hiyo nikawa mama wa mchana. Niliruhusiwa kuingia uani, kukaa kwenye kigoda, kula walichopika, kumsuka mtoto nywele. Giza lisinikute. Mama mkwe alinipokea vizuri kila mara, nikimwamkia anaitikia kwa moyo, ananiletea maji ya kunawa. Lakini honi ya kwanza ikilia na mimi bado nimekaa, alikuwa ananitazama kama mtu anayeuliza swali, na mimi nanyanyuka kulijibu.

Mwanza nilikuwa mshonaji. Cherehani yangu ilikaa barazani kwa Mhindi mmoja muuza vitambaa, mzee mpole aliyezaliwa hapo hapo mjini, anayeongea Kisukuma kunizidi mimi nikikasirika. Ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungulia biashara. Robota za mitumba zilimwagwa chini barabarani, watu wakazipigia magoti kama wako kanisani, na gauni kutoka Ulaya likawa rahisi kuliko kitambaa kitupu cha kwa mzee. Wateja wangu wakapotea. Waliobaki waliniletea makoti ya wanaume wa Kizungu niyapunguze mabega. Mzee alikuwa anatoka nje, anatazama mtaa, anasema, "Mama, dunia nzima imevua nguo ikatutupia sisi." Tunacheka, halafu kila mmoja anarudi kwenye mawazo yake.

Binti yangu alipokaribia umri wa kuanza darasa la kwanza, nikasema sasa basi. Mtoto atasoma Mwanza, atalala kitandani kwangu, na nitajua akiwashwa anajikunia wapi. Nikapanda meli, nikaenda kusema.

Mama mkwe alikuwa anamenya mihogo. Shemeji alikuwa pembeni ameipindua baiskeli, anakaza spoku. Nilisema yote niliyopanga, nikaongeza na mengine ambayo sikuyapanga. Mama mkwe hakuacha kumenya. Nilipomaliza akaniambia, "Mkwe wangu, mtoto si mzigo wa machungwa kwamba tunashusha huku tunapakia kule. Huyu anakujua mchana. Usiku hakujui. Njoo ulale naye usiku mmoja, hapa hapa mjini, gesti si zipo? Hapa kwangu huwezi, tunajua. Kukicha akiwa ametulia kwako, mchukue akasome. Mimi nimesema. Ila akikukataa, na wewe usitusumbue tena habari ya kumchukua."

Nikamtazama shemeji. Akasema, "Hiyo ni haki, shemeji." Akaendelea na spoku zake.

Nilikubali haraka, nusura nicheke. Niliona wamejifunga wenyewe. Mama gani anashindwa kulala na mtoto wake usiku mmoja? Nilirudi Mwanza siku hiyo nikiwa mwepesi, nikampisha mtu siti yangu, nikasimama njia nzima.

Mzee wa vitambaa alinikatia kipande cha flana chenye maua madogo, nikamshonea mtoto gauni la kulalia. Nilikuwa sijawahi kushona gauni la kulalia la mtoto, kwa sababu watoto tunaowajua sisi hulala na kilichobaki mwilini. Nililitia lasi shingoni. Jirani yangu akalishika, akaligeuza, akasema, "Haya, mzungu wako atapendeza." Hata yeye siku hiyo alinisindikiza mpaka stendi.

Nilifika, nikamchukua mtoto nyumbani akiwa amefungiwa kanga yake ndogo kwenye mfuko. Mama mkwe alimpaka mafuta mpaka uso ukang'aa. Hakumwambia neno baya juu yangu, nimpe haki yake. Alimwambia, "Unakwenda kutembea na Mama wa Mwanza. Uwe na adabu." Huyo bibi yake ndiye mtoto alimwita Mama, na mimi nilikuwa Mama wa Mwanza. Nilikuwa nimelizoea jina hilo, au nilifikiri hivyo.

Tukaenda kusimama kando ya gati kuitazama meli. Honi ilipolia, mtoto akaanza kunivuta mkono. "Mama wa Mwanza, kimbia! Inakuacha!" Nikamwambia leo siondoki. Hakuelewa. Kamba zikafunguliwa, meli ikajitenga na gati, na yeye akalia kabisa, machozi ya kweli, ananionea huruma mimi niliyeachwa. Nikapiga magoti, nikamfuta. "Leo nalala hapa, mwanangu. Nalala na wewe." Akaitazama meli, akanitazama mimi, akauliza, "Umewaambia?" Nikasema nimewaambia. Ndipo akatulia, akacheka.

Nikagundua kwamba mji ule sikuujua. Niliujua wakati wa meli tu, watu wanasukumana, mikokoteni inapita miguuni mwa watu, kila mtu anapiga kelele. Meli ilipokwisha kuzunguka rasi, mji ukashusha pumzi. Wauza machungwa wakafunika meza zao kwa magunia, wakakaa kwenye ngazi za yale maduka ya zamani ya Wahindi, yale yenye milango ya mbao na mwaka umechongwa juu ya kizingiti, na mengine hayajafunguliwa tangu wenyewe wahamie Mwanza au mbali zaidi. Watu walianza kuamkiana kwa urefu, kuulizana habari za ng'ombe na za wagonjwa. Kulikuwa na kivuli kizuri barabara nzima. Nilijisikia kama mtu aliyekuwa akija kwenye nyumba kila mwaka anaishia ukumbini.

Mwenyeji alikuwa mwanangu. Alinishika mkono akawa ananitembeza. "Hapa tunachotaga maji bomba likikauka. Hapa kuna mbwa mkali, lakini ukimwita jina hakuumi. Hapa nilianguka." Tulipita ghala la zamani la pamba, akaniambia ndani mna popo wengi kuliko watu wa Nansio. Watu walimwita jina lake njiani, wanawake nisiowajua hata kwa sura, na yeye aliwaamkia wote, kisha ananionyesha kwao kwa kidole: "Huyu ni Mama wa Mwanza. Leo halali kwenye meli." Kumbe alifikiri nalala kwenye meli. Nilifurahi sana jioni ile, na wakati huo huo nilikuwa naumia, kwa sababu kila alichonionyesha kilikuwa kimetokea mimi sipo.

Mwenye gesti alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, mjane kama mimi. Alitutengea chumba cha upande wa ziwani. Akatuuzia na samaki, sato wa kukaanga na ugali wa udaga wa mihogo, na mtoto alikula vizuri akichambua miiba kama mtu mzima. Nikamwogesha kwenye karai uani. Gotini nikaona kovu refu, limeshapona limekuwa jeupe. Nikamuuliza, "Hili umelipata wapi?" Akajibu, "Zamani." Nikaendelea kumwaga maji.

Nikamvalisha gauni. Alilipenda. Alijigeuza, akashika lasi, akauliza, "Hili gauni la kwenda wapi?" Nikamwambia la kulalia. Akaniona mjinga. "Unavaa nguo mpya halafu unalala? Sasa nani atakuona?" Nikacheka mpaka nikakaa. Nikasema moyoni, haya, kazi imekwisha, huyu wangu.

Giza likaingia. Mwenye gesti akatuletea kandili, akaiweka juu ya stuli. Nje ziwani wavuvi wa dagaa walikuwa wamewasha karabai zao, taa nyingi zimejipanga majini, na mimi katika kuja kwangu kote Nansio sikuwa nimewahi kuziona. Nikamwita mtoto dirishani aone. Yeye hakushangaa, alikuwa anaziona kila siku. Ila alipoziona alikumbuka kitu. Akashuka kitandani, akatafuta ndara zake, akasema, "Twende nyumbani sasa."

Nikamwambia leo tunalala hapa, si nilikwambia? Akasema ndiyo, lakini sasa ni usiku. Kana kwamba kulala kwangu ilikuwa habari ya jioni tu, na usiku ni kitu kingine chenye wenyewe. Nikampandisha kitandani. Akashuka. Nikampandisha tena. Akaanza kulia, kwanza taratibu. "Namtaka Mama."

"Mama si ndiye mimi?"

"Wewe ni Mama wa Mwanza."

Nikamwimbia. Nilimwimbia wimbo ambao mama yangu alituimbia sote, wa Kisukuma, na yeye Kisukuma hakijui. Akaziba masikio. Aliutaka wimbo wa Mama, na wimbo wa Mama ni wa Kikerewe, nami siujui hata mwanzo wake. Nikamuuliza, "Mama anakufanyaje ukitaka kulala?" Akasema kwa kwikwi kwamba Mama analalaga huku, yeye ukutani, na Mama anamkuna mgongo. Nikalala huku, nikamweka ukutani, nikamkuna mgongo. "Siyo hivyo," akasema. Nikabadilisha mkono. "Siyo hivyo!" Nikakuna juu, nikakuna chini, nikakuna kwa kucha, nikakuna kwa kiganja. Jamani, mgongo wa mtoto ni mdogo kiasi gani? Sikupaona.

Mwenye gesti akaja mlangoni. Nikatoka, nikaurudisha mlango nyuma yangu. Nilikuwa nimemweleza mambo yangu wakati wa chakula, kwa hiyo alijua kilichokuwepo. Akanishika bega. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, dada yangu. Mwache alie. Nimelea saba, hakuna aliyekufa kwa kulia. Atachoka, atalala. Kesho akiamka ametulia, unampa chai, unampeleka kwa bibi yake anacheka. Nani atajua ya usiku?"

Alikuwa anasema kweli. Nilijua hivyo wakati ule na najua hivyo mpaka leo. Nikarudi ndani, nikafunga mlango, nikautia ufunguo kifuani. Nikakaa kitandani, nikafumba macho, nikajiambia, vumilia, ni usiku mmoja tu, halafu una miaka yote.

Akalia mpaka sauti ikakwaruza. Halafu akanyamaza. Nikafumbua macho nikidhani amelala. Alikuwa amesimama mlangoni, amevaa ndara zake, ameliweka paji la uso kwenye mbao. Akageuka, akakunja mikono kifuani vile bibi yake alivyomfundisha kusimama mbele ya watu wazima. Akaniambia, "Shikamoo."

Sikuweza kuitikia.

"Shikamoo mama. Naomba unifungulie."

Hakuwa ananidharau wala kunifanyia ujanja. Aliniamkia kama mtoto mwenye adabu anavyomwamkia mtu mzima asiyemjua ambaye ameshika kitu chake. Alifikiri labda tatizo ni hilo, kwamba hajaniamkia vizuri. Nikatoa ufunguo, nikafungua.

Nikamwambia, "Njoo nikubebe. Tunakwenda nyumbani." Nikamfunga mgongoni kwa kitenge, juu ya gauni lake la maua. Mwenye gesti alituona tunatoka, akatikisa kichwa.

Hatujafika hata kwenye lile ghala la pamba, nikahisi kichwa chake kimelegea begani kwangu. Nikasimama. Alikuwa amelala. Usingizi mzito, mdomo wazi, mate yananidondokea shingoni. Mtoto wangu alikuwa amelala mgongoni kwangu usiku, katika mji wa Nansio, bila kulia.

Nilisimama pale muda mrefu. Hakukuwa na mtu barabarani. Ningegeuka tu. Ningerudi polepole, ningemlaza ukutani bila kumfungua kitenge, na kungekucha. Nani atajua? Nilirudi hatua kadhaa, sitasema uongo. Lakini alikuwa amelala kwa sababu nimemwambia tunakwenda nyumbani. Angeamka asubuhi akajikuta mle ndani, angeutazama ule mlango, na asingeamini tena neno ninalomwambia, liwe la mchana liwe la usiku. Nikageuka tena, nikaendelea na njia. Nililia njia nzima, nikijizuia mabega yasitikisike ili nisimwamshe.

Nikafika kwenye ua wao wa minyaa, nikabisha hodi kutoka nje. Mama mkwe alitoka haraka, nadhani hakuwa amelala, na kandili mkononi. Shemeji akasimama mlangoni nyuma yake. Mama mkwe aliponiona na mtoto mgongoni alielewa papo hapo. Nilitarajia afurahi, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumtupia. Hakufurahi. Aliweka taa chini, akasema, "Pole, mwanangu," na hakuwa ananiita mwanangu siku nyingine, alikuwa ananiita mkwe. Maneno yangu yote yakapotea.

Nikasimama kwenye mwanya wa ua, miguu yangu nje. Nikafungua kitenge, nikampitisha mtoto upande wa ndani, bibi yake akampokea. Kule kupitishwa kulimwamsha. Alimwona bibi yake, akamshika shingo kwa mikono yote miwili. Kisha akanitafuta, akaniona pale nje gizani, akaninyooshea mkono.

"Mama wa Mwanza, na wewe ingia. Tulale wote."

Shemeji alinitazama mara moja, halafu akaingia ndani na kurudisha mlango, akatuacha wanawake. Mpaka leo namshukuru kwa hilo. Mama mkwe akamwambia mtoto, "Nyamaza, una usingizi." Lakini mtoto alikuwa macho kabisa sasa. "Nafasi ipo," akasema. "Mimi ukutani, Mama katikati, Mama wa Mwanza huku."

Niliipenda ile nafasi. Ukweli wangu ndio huo. Mimi niliyewaambia wazee kwamba si baiskeli, nilisimama pale nikaona si kitu, nitapewa mafiga, nitapewa shamba, nitakuwa mke wa pili wa mtu mpole anayekaza spoku, na kila usiku nitakuna ule mgongo mpaka nijue panapokunwa. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari kunyanyuka. Mama mkwe aliuona. Hakunikaribisha wala hakunizuia. Akaniachia mwenyewe.

Nikamfikiria yule mke wa shemeji, mle ndani, anasikiliza. Nikamfikiria mume wangu. Nikajifikiria mimi asubuhi yake, na nilijua nitamchukia kila mtu wa nyumba ile, na mwisho nitaanza kumchukia na mtoto aliyeniita. Nikasema, "Lala salama, mwanangu. Meli inanisubiri." Sikupata uongo mwingine. Akauamini mara moja, akalaza kichwa begani kwa bibi yake. Meli ilikuwa kitu anachokijua.

Nilirudi gesti, nikalala, au nilijinyoosha tu. Asubuhi mwenye gesti alinipa chai, akakataa kuzungumza habari ya jana, akanieleza bei ya mchele. Sikwenda kule nyumbani. Kwanza ningesema nini, na ahadi ni ahadi. Nikaenda kukaa gatini na kikapu changu, nikangoja meli ije kutoka Mwanza ili nirudi nayo. Niliiona ikitokeza rasini, ikapiga honi, ikafunga kamba. Abiria wakaanza kushuka, na sisi wa kupanda tukajipanga pembeni yao, kama kawaida tukakanyagana.

Sikujua kwamba kila honi ikilia mwanangu alikuwa anakimbia kuja kuangalia. Siku nilizomkuta gatini nilidhani ameletwa. Alikuja anakimbia, bado amevaa lile gauni la kulalia, vumbi limepanda mpaka kwenye lasi, na bibi yake kwa mbali anamfuata akihema. Akapita katikati ya wanaoshuka, anawatazama usoni mmoja mmoja, mpaka akaniona.

"Umekuja!" Akanirukia miguuni. "Mama, umekuja tena! Hata hujakaa sana huko!"

Aliniita Mama, bila Mwanza. Bibi yake alikuwa amefika karibu, akasikia, akatazama ziwani. Tiketi ya kurudi ilikuwa mkononi mwangu. Nikaikunja, nikaingiza kwenye kikapu, nikatoka kwenye foleni.

"Nimekuja, mwanangu," nikamwambia.

Tukakaa kwenye magunia ya mihogo yaliyokuwa yanasubiri kupakiwa. Alinipandia mapajani, akanieleza kwamba jana usiku alilala vizuri. Akaniegemea kifuani, akaacha uzito wake wote kwangu, mikono imelegea, hana wasiwasi wowote, kwa kuwa jua lilikuwa juu na alijua kwamba nitaondoka.